Mashine ya RO yenye resini kwa tangi la matumbawe: tathmini kutoka Nakuru

Anayefuga matumbawe Nakuru, zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa, hujitengenezea bahari yake kwa chumvi ya ndoo na maji ya bomba, na chochote kilichomo katika maji hayo hubaki ndani ya tangi. Kifaa ninachokitathmini hapa ni mashine ya kuchujia maji inayopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya maji mjini, ambayo kila mtu huiita mashine ya RO (osmosisi ya kinyume, yaani kusukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi), ikiwa imeongezewa hatua ya resini mwishoni. Kwa tangi la lita 200 kama langu, naona inastahili bei yake, ambayo ilikuwa chini kidogo ya shilingi 20,000, mradi mnunuzi aifanyie marekebisho mawili madogo na asiusadiki mno usomaji wa kipimo chake.

Muundo wake ni wa kawaida. Kichujio cha kwanza hunasa mchanga na kutu; cha pili ni cha makaa yaliyoshindiliwa, ambacho huondoa klorini isije ikautafuna utando; kisha maji husukumwa kupitia utando wenyewe, na hatimaye hupita kwenye resini inayookota chembe za chumvi zilizoponyoka. Ina pampu ndogo ya umeme ya kuongeza msukumo na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini.

Watu wa Nakuru hununua mashine hizi kwa sababu ya floridi, na wana haki, maana maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wakazi wengi ni ushahidi wa kutosha. Matumbawe, hata hivyo, hayana ugomvi na floridi ya kadiri hiyo, kwa kuwa maji ya bahari yenyewe yana takriban miligramu 1.3 kwa lita. Adui wa tangi ni silikati, yaani silika iliyoyeyuka majini. Maji yanayopita katika miamba ya volkeno huyeyusha silikati kwa makumi ya miligramu kwa lita, na silikati ndiyo malighafi ambayo diatomu, yaani mwani wa chembe moja, hujengea maganda yao; hapo ndipo linapotoka lile vumbi la kahawia linalofunika mchanga na vioo siku chache tu baada ya kusafishwa. Mvukizo nao huongeza tatizo, kwa sababu maji safi pekee ndiyo yanayoondoka, huku silikati, nitrati na fosfati zikibaki na kuongezewa nyingine kila unapojazia kutoka bombani. Katika miezi mikavu ya Januari na Februari tangi langu hunywa lita kadhaa kwa siku, na kujazia kwa maji ya bomba katika kipindi hicho ni sawa na kulisha mwani kwa kijiko.

Kazi ya utando ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hii. Maji ya bomba langu husoma kati ya miligramu 280 na 340 kwa lita kwenye kipimo. Baada ya utando husoma karibu 10, na baada ya resini husoma sifuri. Vumbi la kahawia halikutoweka siku ile ile, kwani silikati iliyokuwa tayari ndani ya tangi ilibidi itumike au iondolewe kwa kubadilisha maji, lakini lilipungua hatua kwa hatua mpaka vioo vikawa vinahitaji kupanguswa mara moja tu kwa wiki.

Sifuri hiyo ndiyo inayohitaji tahadhari. Resini huishika silikati kwa ulegevu kuliko inavyozishika chumvi nyingine, kwa hiyo inapokaribia kuchoka, silikati ndiyo hutangulia kupenya, na kwa kuwa silikati haipitishi umeme kwa kiasi cha kutosha kuonekana, kipimo huendelea kusoma sifuri kana kwamba hakuna kilichoharibika. Mfugaji huona vumbi la kahawia likirudi, hutazama kipimo, kisha huanza kulaumu taa, chakula au chumvi. Dawa yake ni kufunga mirija miwili ya resini, mmoja nyuma ya mwingine, ukitumia resini inayobadilika rangi, na kuubadilisha ule wa kwanza mara rangi inapogeuka, wakati wa pili bado una nguvu. Hilo ndilo rekebisho la kwanza ninalolipendekeza, na gharama yake ni ndogo. Ni vyema pia kuisimamisha mirija hiyo wima, maji yakiingilia chini, kwa sababu mashine huja na mrija uliolazwa, na maji katika mrija uliolazwa hujichimbia njia juu ya resini na kuiacha sehemu ya chini ikiwa haijaguswa.

Rekebisho la pili ni valvu. Kila mashine inapowashwa baada ya kupumzika, maji ya kwanza kupita kwenye utando huwa na chumvi nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa chumvi hupenya polepole wakati mashine imetulia, na maji hayo yakiruhusiwa kuingia kwenye resini huichosha bure. Mtengenezaji angeweza kuweka njia ya kumwaga lita moja au mbili za mwanzo kabla ya resini; hakuweka. Fundi yeyote wa mabomba anaweza kufunga kiungo cha njia tatu chenye valvu kwa muda mfupi, na tangu nilipofungiwa changu resini hudumu kwa muda mrefu zaidi kwa namna inayoonekana.

Kuhusu kasi, kibandiko kinatangaza galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 284, lakini hesabu hiyo ni ya maji yenye joto la nyuzi 25 na msukumo wa bari 4 hivi. Maji ya Nakuru ni baridi kuliko hapo, na utando hupoteza takriban asilimia 3 ya kasi kwa kila nyuzi inayopungua. Tangi la juu ya paa lililo mita 5 juu ya mashine hutoa nusu bari tu, kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine isiyo na pampu, hata kama muuzaji atakuhakikishia kwamba maji yako yana nguvu. Pampu yenyewe ina kelele ya kuudhi. Yangu iko katika chumba cha kufulia.

Maji yanayotupwa ni suala zito katika mji ambao mitaa mingine hupata maji kwa zamu. Kwa kila lita moja safi, mashine humwaga lita tatu hivi. Maji hayo hayajawa sumu: chumvi yake imeongezeka kwa karibu theluthi moja tu, kwa hiyo yanafaa kwa kupiga deki, choo na hata sukuma wiki, ila yasinywewe, kwa kuwa floridi nayo imepanda kwa kiasi hicho hicho.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatalitaja, na sidhani kama analijua. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu hii ya Bonde la Ufa yana bikaboneti nyingi, na anayejazia tangi kwa maji ya bomba huwa anaongeza alkali bila kujua, alkali ambayo matumbawe magumu huitumia kujenga mifupa yao. Akihamia maji ya RO, mchango huo hukoma ghafla. Katika tangi langu kiwango cha alkali kilianza kushuka kutoka dKH 8 (dKH ni kizio cha kupimia alkali ya maji) muda mfupi baada ya kubadilisha, na ilinibidi nianze kuongeza kwa kipimo kila siku. Mashine haina kosa hapa, lakini anayeifunga bila kuwa na vifaa vya kupimia alkali anaweza kupata vioo visafi na matumbawe yaliyokwama kukua.

Mwani wa nywele, ule wa kijani unaoning'inia juu ya mawe, haukutishwa na mashine hii hata kidogo. Huo hula fosfati na nitrati zinazotokana na chakula cha samaki, na mawe yaliyofyonza fosfati kwa muda mrefu huendelea kuitoa polepole hata baada ya maji kuwa safi. Ulipungua kwa sababu ya konokono, skima ya povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), kung'olewa kwa mkono na kupunguza chakula. Wala sifuri ya virutubisho si shabaha inayofaa. Nimeridhika na fosfati karibu miligramu 0.05 na nitrati kama miligramu 5 kwa lita, kwa kuwa tangi lililonyimwa vyote viwili mara nyingi hushambuliwa na dinoflageleti, utelezi wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa nywele.

Duka lililoniuzia lilikuwa limeiandaa mashine kwa maji ya kunywa, pamoja na kichujio cha ziada kinachorudisha madini, na muuzaji alishikilia kwamba bila hicho maji ni mabovu. Kwa kunywa, sawa. Kwa tangi kiondolewe, au maji ya tangi yachukuliwe kabla hayajakifikia. Fundi wao alifika kwa wakati na viungo vyake havijavuja.

Kwa matumizi yangu ya lita 150 hivi kwa mwezi, nikilinganisha na vibanda vya maji vinavyouza lita moja kwa shilingi 5 hadi 10, mashine hurudisha gharama yake ya ununuzi baada ya mwaka mmoja na zaidi, au miwili na ushei, kutegemea kibanda, kabla ya kuhesabu vichujio vya kubadilisha kila miezi sita. Mwenye tangi la chini ya lita 60 sioni kwa nini ainunue. Anunue maji ya kibanda, ayapitishe kwenye mrija wa resini nyumbani, na aende na kipimo chake mfukoni, kwa sababu vibanda vingine huongeza madini baada ya kuchuja, na maji ya namna hiyo huimaliza resini upesi.