Meseji za shule kipindi cha korona: nyota 3 kati ya 5

Dogo alikuwa kidato cha pili, sekondari moja ya binafsi hapa Dodoma mjini, jina naliacha. Tangu shule zifungwe Machi 17, 2020 taarifa zilikuwa zinakuja kwa meseji ya kawaida na kwenye grupu la WhatsApp. Meseji nawapa maua yao, maana hata bibi yake kule Kongwa mwenye kiswaswadu alikuwa anaipata, haihitaji bando. Ile ya kufungua Juni 29 ilinyooka kabisa: barakoa mbili za kitambaa, moja usoni moja kwenye begi, sabuni ya kipande, chupa ya maji iandikwe jina, mzazi unaishia getini kwenye ndoo ya kunawia.

Sasa grupu ndo balaa. Ticha anatupia notsi za hesabu kwa picha iliyopigwa gizani hata swali halisomeki, chini yake mzazi anaweka tangawizi na malimao, mwingine anauza mafuta ya alizeti ya Singida, ukija kulipata tangazo bando limekata, si wangeacha admini tu ndo waandike jamani? Na kumbusho la ada lilikuja mara nyingi kuliko la kunawa mikono, wakati watoto wako nyumbani wanaangalia vipindi vya TBC. Ila ukipiga simu ofisini wanapokea, tena kwa heshima, hilo siwanyimi.