Tiba shufaa nyumbani: uzoefu wetu Kigamboni na jinsi nilivyoipima huduma

Nianze na alama zenyewe: nyota nne kati ya tano. Ile ya tano waliipoteza usiku, nitaeleza huko chini.

Ninaowazungumzia ni taasisi ndogo ya hisani ya Dar es Salaam inayowafuata wagonjwa majumbani kwa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito. Jina lao siliandiki, maana ninaowasifu na ninaowalalamikia wanakaa ofisi moja, na baadhi yao wanajitolea. Mgonjwa alikuwa baba yangu, mstaafu wa bandari, mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Tulipewa rufaa ya kwenda kwao baada ya kupigwa mionzi Ocean Road, ile taasisi ya saratani iliyoko ufukweni, kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba mionzi ile ni ya kutuliza mifupa, si ya kuponya, na kwamba kuanzia hapo mzee anahitaji tiba shufaa.

Neno hilo lilizua kikao. Baba mdogo alisema, "Kwa hiyo mnamrudisha nyumbani akafe." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo michango ya kwenda India ilishaanza, watu wanaandika majina na ahadi. Aliyeizima ni mzee mwenyewe: "Mimi siendi India kufia kwenye ngazi za ndege." Nalisema hili kwa sababu wengi mtakaosoma mko hapo hapo. Kupokea huduma hii si kusitisha matibabu. Baba aliendelea na kliniki, alirudi kupigwa mionzi tena, na vidonge vyake vya presha hakuna aliyemwachisha.

Sista aliyepangiwa kwetu alikuja kwa pantoni kisha bajaji. Aliamkia, akavua viatu, akakaa mkekani karibu na kitanda, faili likabaki ndani ya mkoba. Swali lake la kwanza lilikwenda kwa mgonjwa, si kwangu wala kwa mama: "Mzee wangu, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako?" Baba akacheka. "Mimi najua. Hawa ndio hawajui kwamba najua." Muda wote huo nyumba nzima tulikuwa tunanong'ona jikoni.

Kisha akatoa karatasi ya maswali kumi, inayotumiwa na huduma za namna hii katika nchi nyingi za Afrika. Saba anajibu mgonjwa, matatu anayemuuguza, na majibu ni kuanzia 0 hadi 5, asiyetaka kusema namba ananyoosha vidole. Maumivu yapo humo, lakini pia wamo wasiwasi, kupata wa kumwambia yaliyo moyoni, kama maisha bado yana maana, kama una amani. Kwangu aliuliza nina uhakika kiasi gani ninapomhudumia mzee. Nilinyoosha kidole kimoja. Karatasi ile ilirudi tena na tena kila baada ya muda, na majibu ya zamani yaliwekwa pembeni ya mapya ili tuone tunakwenda wapi. Ukipata watoa huduma wasiokuuliza kitu wewe unayeuguza, jua nusu ya kazi wameiacha mlangoni.

Morfini sasa, ile dawa kali ya maumivu. Ilikuja ya maji, kwenye chupa, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Baba mdogo aliitazama kwa jicho baya. "Hiyo ndiyo ya kumalizia." Sista hakubishana naye, alimweka chini akamfundisha. Wanaanza na kipimo kidogo, wanapandisha kwa kufuata maumivu. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, na sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku aliokesha kwa maumivu. Haisubiriwi mpaka aume meno, inakwenda kwa saa. Na inafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inatolewa siku ile ile, haingojewi. Hapo mimi nina msimamo: anayekukabidhi morfini bila dawa ya choo hajui kazi yake, hata awe mpole namna gani.

Ratiba ilikuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku kipimo maradufu ili mzee alale hadi alfajiri. Mama yangu anasoma Kiarabu vizuri, lakini herufi za Kirumi zinamsumbua. Sista alipogundua hakugeukia kwangu kama wengi wanavyofanya. Alichukua kalamu akachora: jua linachomoza, jua limepanda, jua limeanza kuinama, jua linazama, mwezi. Chini ya kila picha akachora bomba na mstari wa kufikia, na kwenye mwezi mabomba mawili. Ile karatasi ilibandikwa ukutani kando ya kalenda ya msikiti, na toka siku hiyo dawa ikawa ya mama. Mimi nikawa msaidizi.

Kuna jambo jingine ambalo mwanzoni nililiona kama mazoea tu. Kila alipokuja, kabla ya kuaga, alimvua mzee soksi akapitisha ncha ya kalamu kwenye nyayo, kushoto kisha kulia. "Unasikia? Sawasawa pande zote?" Halafu anamwambia anyanyue mguu huku yeye anaukandamiza kwa kiganja, na anauliza habari za mkojo. Saratani iliyoingia kwenye pingili za mgongo inaweza kuubana uti, na miguu ikianza kulegea kinachohesabiwa ni saa. Ikishakufa ganzi kabisa, mara nyingi hairudi. Siku mzee aliposema wa kushoto umekuwa mzito tangu jana, sista alitoka uani akampigia daktari pale pale, na jioni tulikuwa tumeshavuka kwenda Ocean Road. Alipewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, na mgongo ukapigwa mionzi. Baba alitembea na bakora yake mpaka wiki zake za mwisho. Jirani yetu mmoja, mwenye ugonjwa huo huo, miguu yake ilipoanza kulegea waliambiwa ni uzee. Akaishia kitandani, na mpira wa mkojo.

Ramadhani ya 2024 ilimkuta baba akiwa bado na nguvu ya kusema anafunga. Nilitegemea sista amkataze, au achekecheke aondoke. Alimwambia, "Mzee, mimi ni Mkristo, swaumu yako siwezi kuiamua. La kwangu ni la dawa tu. Ukiruka ya saa nne na ya saa nane, jua likizama maumivu yatakuwa yameshakushinda." Akaomba ruhusa aitwe imamu. Imamu akaja baada ya alasiri, akamkumbusha ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Suratul Baqara, na kwamba asiyetarajia kupona analisha maskini kwa kila siku aliyokula. Baba akakubali kwa sharti moja: fidia aipime mwenyewe. Basi kila asubuhi aliletewa gunia dogo la mchele na kibaba, akakaa kitandani, anachota, anasawazisha juu kwa kiganja, anamwaga kwenye mfuko. Mkono ulikuwa unatetemeka na punje zinamwagika kwenye shuka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Haya, lawama.

Usiku mmoja, saa nane, maumivu yalimpanda kabla ya wakati. Nilipiga namba iliyoandikwa kwenye kadi yao. Iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita tena. Karatasi ya ukutani ilikuwa na saa za dawa tu, haikusema lolote kuhusu maumivu yanayokuja katikati. Tukakesha tunamkanda na kumsomea, mpaka alfajiri. Sista alipopata habari alieleza kwamba katikati ya saa hizo kipimo kile kile cha kawaida kinaweza kutolewa cha nyongeza, tukiandike, na daktari atatumia hesabu hiyo kupandisha dozi. Ni maelezo mazuri, lakini yalitakiwa yawe ukutani tangu siku ya kwanza. Picha ya ziada ilichorwa siku hiyo. Simu, hata hivyo, haikurekebishwa: namba ya usiku ni ya mtu mmoja, na mtu huyo naye hulala.

La pili lilikuja mwezi huo huo wa Ramadhani, maana Pasaka iliangukia ndani yake. Alhamisi tuliona chupa haifiki Jumatatu. Sista aliliona pia, lakini daktari wao wa kuandika morfini alikuwa ameshasafiri na stoo imefungwa. Sista huyu alisomea Kampala, kwenye hospisi (kituo cha tiba shufaa) ya Makindye iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, na aliniambia kwa uchungu kwamba Uganda, tangu 2004, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika morfini wenyewe. Kwao hapa ilibidi daktari. Na dawa hii haikatizwi ghafla, maumivu yanarudi kwa kishindo na mwili wenyewe unadai. Jumamosi mchana akatokea mlangoni na chupa, siku yake ya mapumziko, nauli yake, baada ya kumsaka daktari mwingine. Mama alimbusu mikono. Mimi nilishukuru, na nikakasirika vile vile, kwa sababu taasisi inayomtegemea mtu mmoja mwenye moyo haijajipanga. Siku sista huyo akiugua, wagonjwa wake watapata nini Pasaka?

Kwa hiyo, anayetaka kuwapima watu wa huduma hii asitazame sana ziara yenyewe. Wakiwa nyumbani kwako kila mtu ni mpole. Tazama saa ambazo hawapo: nani anapokea simu usiku wa manane, chupa inahesabiwa kuvuka sikukuu au inahesabiwa mpaka ziara inayofuata, na wewe uliyebaki na mgonjwa umefundishwa nini kwa mikono yako. Kwenye hili la mwisho nawapa alama zote. Walitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili kwa kutumia shuka la kukunja, bila kumburuta. Walitufundisha kumsafisha kinywa kwa chachi yenye maji ya chumvi kidogo aliposhindwa kusukutua. Kidonda cha makalioni kilipoanza kutoa harufu, na mzee akawa anakataa wageni kwa aibu, sista alitwanga vidonge vya metronidazo mpaka vikawa unga, akanyunyizia baada ya kusafisha. Harufu ilipungua sana ndani ya siku chache, na wazee wenzake wa barazani wakaruhusiwa kuingia tena.

Alifariki nyumbani, asubuhi, mama akiwa ameshika kibweta cha dawa mkononi. Wiki za mwisho walitueleza mapema yatakayotokea: hamu ya kula itakwisha tusimlazimishe, pumzi itakuwa na vituo, miguu itapoa. Yalipotokea tuliyatambua, na hakuna aliyeita teksi kumkimbiza hospitali. Baada ya maziko sista alikuja kuhani. Alichukua morfini iliyobaki, akaipima mbele yetu, akaandika kiasi, mimi nikasaini, kwa sababu dawa ile haitakiwi kubaki kabatini. Kisha akafunga mkanda kwenye mkono wa mama akampima presha. Ilikuwa juu, na sisi watoto hatukuwa na habari.

Ya kiutendaji, kwa mnaotafuta: hawapokei mgonjwa bila barua ya hospitali na nakala ya majibu ya kipimo cha kinyama, kwa hiyo andaeni kabla ya kupiga simu. Ziara hawatozi. Glovu, pampasi za watu wazima na chachi tulinunua wenyewe, na kwa mwezi si fedha ndogo. Wanaoishi Kigamboni ya ndani, mbali na lami, waseme mapema, kwani masika bajaji haziingii na ziara husogezwa mbele. Malalamiko yangu ya simu niliyapeleka kwa maandishi. Walijibu kwa heshima kwamba fedha za zamu ya usiku hawana. Basi ombeni maelekezo ya dozi ya nyongeza yaandikwe siku ya kwanza, na ikikaribia sikukuu yoyote, chupa ikaguliwe Jumatatu ya wiki hiyo, msingoje Alhamisi.