Nyero ni pazuri, gari ndilo lililonitia hasira

Ndugu zangu wa magari ya kukodi pale Mbale, mnajijua, sitawataja.

Ilikuwa Jumamosi moja ya kiangazi, nyasi za Teso zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga. Nilikodi gari nimpeleke mama yangu Nyero, kwenye majabali yenye michoro ya kale huku mashariki mwa Uganda, yeye, wanangu watatu na shemeji. Mama kazaliwa karibu na Kumi, na tangu aolewe huku Tororo alikuwa hajayaona tena yale majabali. Hayo yote niliwaeleza kwenye simu. Mkanijibu, "Hakuna shida, mama, gari ni lenu siku nzima."

Siku nzima yenu ina saa ngapi?

Kijana wenu anaendesha vizuri, sitamzulia, na gari lilikuwa safi. Tulipofika akayatazama mawe yalivyopandana, akamgeukia mama: "Jaja, ni haya tu? Si Tororo mna jiwe kubwa kuliko haya?" Mama akacheka. Mimi nikanyamaza. Jiwe letu la Tororo ni koo la volkano iliyokufa, haya ni mawe ya matale, tena yamechorwa. Lakini jibu kama hilo hukujia usiku umeshalala.

Tukapanda. Kwenye ule ukuta mrefu wa Nyero ya pili, yaani jabali la pili lenye michoro, kuna miduara ndani ya miduara, myekundu, kama maji yaliyoangukiwa na kokoto, na maumbo mengine kama mitumbwi. Kitinda mimba wangu akawa anaifuata mistari kwa kidole hewani, maana kugusa ni marufuku. Mama akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akaanza. Kwamba alipokuwa msichana wazee walikuja hapa kuomba mvua. Kwamba Waiteso waliikuta tu michoro hii, walioichora walikuwa watu wengine kabla yao. Kwamba shangazi yake mmoja siku moja alipanda hapa peke yake na...

Piiii!

Honi. Mama akauliza, "Nani anatuita?" Nikamwambia aendelee. Akarudi kwa shangazi. Piii, piiii! Mara ya tatu akavaa viatu, akakaza kitenge: "Twende, mtoto wa watu anasubiri."

Habari za michoro hii ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1913, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya UNESCO ikingoja kukubaliwa kuwa urithi wa dunia. Imengoja miaka yote hiyo, dereva wenu kashindwa kungoja saa moja!

Ya shangazi hayakuisha. Nimemwuliza mama nyumbani, anasema kasahau, kule yalikuwa yanamjia yenyewe.

Nilipanga kuwapa nyota tatu. Kisha nikakumbuka yule dada wa ofisini kwenu, nilipompigia kulalamika, alivyosema "kusubiri kuna bei yake" na kunikatia simu. Basi mbili. Hapana, moja.

Ila nisimwonee kijana. Tukirudi, alisimama mwenyewe pale Kumi, akamnunulia mama muhogo wa kuchoma kwa pesa yake, akamfungulia mlango kwa mikono miwili. Mama mpaka leo anamwombea. Nilipombana, akasema ofisi ilikuwa inampigia kila baada ya dakika kumi, gari lina mteja mwingine jioni. Kwa hiyo honi ilikuwa yenu, mkono tu ndio wake. Hata hivyo alikuwa na miguu, angepanda aniambie.

Kwa harusi ningewakodi tena, nasema kweli. Kwa mzee mwenye jambo la kusimulia, hapana.

Na ile chupa ya chai ya mama, ya bluu, yenye kifuniko chekundu ambacho si chake, iko chini ya kiti chenu cha nyuma. Nimepiga simu mara nne. Kila mara ni "kesho, mama".