Asali ya nyuki wadogo, Gede: soma kabla hujarudisha chupa

Nilinunua kwa mzee mmoja hapo barabarani Gede nikirudi Malindi, chupa ya robo lita mia sita, na kwa hela hiyo ile ya kawaida ungebeba nusu lita na chenji juu. Nafika nyumbani naonja, yaani chachu kama imekamuliwa ndimu, tena nyepesi inachuruzika kama sharubati. Nikachovya kiberiti nikakisugua, wapi, hakikuwaka. Nikasema leo nimeuziwa maji ya sukari wallahi.

Kesho yake nikapanda matatu nimenuna. Mzee wala hakukasirika, "mwanangu, njoo huku nyuma". Nyuma kuna visanduku vya mbao, kila kimoja kimetoa kimrija cha nta mlangoni, na vidudu vyeusi vya milimita tatu hivi vinaingia na kutoka, ungedhani visubi. Akafunua kimoja, hamna masega kama tuliyozoea, ni vijungu vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, asali imo mle. Hawadungi kabisa lakini waliniingia nywele na masikio mpaka nikatoka mbio, mzee anacheka tu. Akaniambia asali yao ina maji mengi kwa asili yake kwa hiyo kiberiti hakiwezi kuwaka, kile kinapima umaji tu, na mzinga mmoja hutoa kidogo sana, ndo maana bei iko hivyo. Nikanyamaza.

Sasa lawama. Chupa anazipanga juani tena kafunga kifuniko mpaka mwisho, na asali hii huchacha upesi, yangu ilifyatuka jikoni usiku paa! ikarukia kanga ya mamangu, sikwambii maneno niliyoyasikia. Halafu haina hata tarehe ya kuvunwa. Na ukimpa nafasi atakwambia inatibu macho, pumu, kila kitu, hapo mimi nilimwacha aongee. Bibi naye akataka kumlambisha mtoto wa dadangu wa miezi minne, tukakataa, asali yoyote haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja.

Kwa mahamri siipendi, inapenya inalowesha. Lakini kijiko kwenye maji baridi mchana wa kaskazi, aisee. Nimeagiza nyingine, nimemwambia aniwekee ya kivulini na asikaze kifuniko, nikifika naitia friji moja kwa moja.