Kutu kwenye chesisi ya fowili: ununue nini kama unaishi Mtwara au Lindi

Kabla hujatoa hata shilingi kununua dawa ya kutu ya gari lako la fowili (4x4), chukua nyundo ndogo, jilaze chini ya gari, uanze kugonga chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari, kutoka mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia ngo, ngo. Yangu ilienda vizuri mpaka pale juu ya difu ya nyuma chesisi inapopinda, sauti ikabadilika ikawa pu, nikachukua bisibisi nikasukuma kidogo tu ikazama mpaka kwenye mpini, na magamba ya kutu yakanimwagikia usoni. Na nje palikuwa peusi panang'aa kabisa! Maana mwaka mmoja nyuma nilishalipia anda koti, ile dawa nzito nyeusi ya kupaka chini ya gari, gereji moja hapa mjini.

Shida ni kwamba kutu inayoua chesisi inaanzia ndani. Prado, Hilux, Defender ya zamani, zote chesisi zake ni kama bomba la pande nne lenye matundu, sasa ukipita ufukweni Msimbati, au ukilaza gari Mikindani upepo unatoka baharini, maji chumvi na mchanga vinaingia humo na kutoka ni ngumu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kila lita, na chumvi inavuta unyevu wa hewani kwahiyo hata kiangazi humo ndani hapakauki sawasawa. Na yule atakayekwambia Toyota hailiwi na kutu mwambie Marekani mwaka 2016 Toyota ilikubali kukagua na kuwabadilishia watu chesisi za magari yake ya kule, Tacoma, Tundra na Sequoia, gharama ikakadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Wa Land Rover za zamani nao wanajitapa bodi ni alumini. Sawa, bodi. Chesisi ni chuma kama jembe.

Kwahiyo mi napanga hizi dawa kwa swali moja tu, inafika ndani au haifiki?

Namba moja ni nta ya ndani, ile ya kupuliza kwenye mabomba (Dinitrol na Waxoyl ndo majina utakayosikia sana), au mafuta ya lanolini yanayotokana na manyoya ya kondoo, mfano Fluid Film. Uzuri wake hayakauki yakawa gamba gumu, yanabaki laini yanatambaa mpaka kwenye maungio ambako brashi haifiki kamwe. Lanolini inaondoka taratibu kwahiyo hesabu kurudia kila mwaka, nta inakaa zaidi kidogo. Ila usinunue dawa bila mpira wake mrefu wa kupulizia, ule wenye ncha inayomwaga pande zote, bila huo utalowesha mlangoni tu pa tundu halafu useme dawa mbovu. Yangu ilikula lita 4 ndani peke yake. Funika diski za breki na ekzosi kwanza, na ukimaliza usishangae gari kudondosha siku mbili tatu, hasa likikaa juani, weka maboksi chini mama watoto asije akakufukuza na gari lako.

Namba mbili, kwa nje, ni praima ya epoksi (rangi ya kwanza inayoshika chuma) halafu rangi ya chesisi juu yake. Hapa hela sio rangi, hela ni jasho: brashi ya waya, grainda, kuosha, kukausha, ndo upake. Redioksaidi, ile praima nyekundu ya duka la hadwea, peke yake haizibi, inapitisha unyevu, inataka rangi juu. Ile dawa ya asidi ya fosforiki inayogeuza kutu kuwa nyeusi ni nzuri kwa kutu ya juu juu, kama magamba yanabanduka kwa kucha usijisumbue, hapo ni kukata na kuchomelea. Na ukishachomelea rudia nta ya ndani sehemu hiyo maana moto umeshaichoma.

Namba tatu anda koti ya lami au raba, ambayo ndo mafundi wengi wanaipenda kwa sababu ya haraka na inapendeza. Kwenye chuma kipya kisafi haina neno, na kule ndani ya madigadi inazuia mawe ya barabara za Newala. Juu ya kutu ni blanketi, ikipasuka kidogo maji yanakaa nyuma yake na wewe unaona weusi tu.

Namba nne oili chafu. Najua, ni ya bure, na fundi atakwambia "kaka we paka oili chafu, magari ya zamani yote yalipakwa". Inasaidia kidogo kweli, ila inalainisha bushi za raba, inakamata vumbi lote, inadondokea uani kwako, na sio kitu cha kushikashika na ngozi.

Kaboksi ka umeme ka kuzuia kutu usinunue kabisa. Teknolojia hiyo ipo na inafanya kazi kwenye meli na mabomba yaliyofukiwa, kwa sababu maji au udongo wenye unyevu unapitisha umeme. Gari liko hewani, umeme upite wapi?

Chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki ya moto (nyuzi 450 hivi) ndo mwisho wa mambo kwa Land Rover za zamani, zinatengenezwa Uingereza, ila bei pamoja na meli ni ya mtu ambaye korosho zimemkubali.

Chochote utakachonunua, pulizia chuma kikiwa kikavu, ndo maana mi nafanya Oktoba au Novemba kabla mvua hazijakolea. Ingiza mpira wa maji ya bomba kwenye kila tundu mpaka yatoke meupe, acha juani siku mbili. Na yale matundu ya chini usiyazibe na dawa, yazibue kwa waya. Yangu nilivyozibua ilitoa mchanga nusu ndoo ndogo, na vigamba vya konokono wa baharini humo humo.