Jiwe la asili la kumalizia wembe: nimeuziwa jiwe, nikaongezewa na methali

Nimekaa na hasira hizi muda wa kutosha na bado hazijapoa, kwa hiyo acha niandike tu. Kama unanoa wembe wa kukunja mwenyewe, na umefika pale pa kuchagua umalizie kwa jiwe la asili, jiwe la kiwandani, filamu au mkanda uliopakwa dawa, soma hii kabla hujatoa hela yako. Urefu na upana wa jiwe sitautaja, hayo yote muuzaji ameyaandika kwa herufi kubwa. Mimi nina shida na yale ambayo hakuyaandika.

Kwa asiyejua mambo haya: wembe unanolewa kwa hatua. Unaanza na jiwe la namba 1000 hivi (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo na laini zaidi), na hapo ndipo pande mbili za makali zinakutanishwa zikawa kitu kimoja. Zisipokutana hapo, huko mbele unajichosha bure. Ukitoka hapo unapanda, namba 4000 au 5000, halafu 8000. Ukiishia 8000 ndevu zitatoka, ila ngozi itajua. Hatua inayobaki, ya kumalizia, ndiyo watu wanayoibishania mpaka wanakosana, kwa sababu ndiyo inayoamua wembe upite shingoni kimyakimya au upite ukikwangua.

Mimi nilikuwa mtu wa filamu. Ni karatasi laini ya plastiki yenye unga wa oksidi ya aluminiamu wa mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unamwaga maji kidogo kwenye kioo, unailaza, inang'ang'ania yenyewe. Wembe unaulaza mgongo na makali vyote vimegusa, unapitisha bila kukandamiza, ukifika mwisho unageuza kwa kubiringisha mgongo. Haina mbwembwe. Leo na kesho inakupa kitu kilekile. Lawama yangu kwake ni moja tu: makali yake ni makavu. Yanakata kweli, lakini ukimaliza kunyoa ukapitisha shabu, ambayo huchoma popote ngozi ilipokwanguliwa, chini ya taya, unaruka.

Shabu haina adabu, inasema ukweli wote. Ndiyo iliyonitia tamaa ya Coticule.

Coticule ni jiwe la manjano linalochimbwa Ardennes, Ubelgiji. Ndani yake kuna chembe ndogo sana za garneti, madini magumu, zenye nyuso nyingi na pembe butu, kwa hiyo zinakwaruza chuma juujuu tu, hazichimbi. Wanaolipenda wanakuambia makali yake ni mapole, na hapo hawaongopi. Uzuri mwingine ni tope lake. Ukilisugua kwa kipande cha jiwe lilelile na maji, linatoa tope jeupe kama tui, na tope hilo linakula chuma vizuri. Ukiendelea kunoa huku unaongeza matone ya maji, tope linapungua nguvu kidogo kidogo, mpaka mwisho unanoa juu ya maji matupu. Yaani jiwe moja linaweza kukutoa mbali kabisa likakufikisha mwisho. Nani asingetamani?

Muuzaji naye alikuwa na mdomo mzuri. "Kaka, hayo ya kiwandani ni ya wasio na mkono. Ukishika hili hurudi nyuma." Akanitumia video, unywele unaning'inia, wembe unaugusa, unywele unadondoka. Sawa. Siku hizi video ya namna hiyo hainibabaishi tena, maana nimeshapata wembe unaokata unywele hewani halafu usoni unafanya kazi ya msasa. Lakini wakati ule nilibabaika.

Kwenye picha niliona mstari mwembamba wa kijivu umelikatiza jiwe kwa mshazari. Nikamuuliza, huu ni nini? Akasema huo ni urembo wa asili, tena ndiyo alama kwamba si la bandia. Na jibu hilo lina nusu ya ukweli, hapo ndipo alinipata. Mawe haya yana mistari mingi isiyo na neno, unanoa juu yake mwaka mzima na wembe hausikii. Mingine ni migumu kuliko jiwe lenyewe. Muuza mawe kazi yake ni kujua upi ni upi kabla mnunuzi hajajua kwa shavu lake.

Basi jiwe likaja. Nikalifanyia kazi kwa adabu zote: nikalisawazisha, tope nikalizimua polepole, nikamaliza kwa maji, nikapitisha wembe kwenye mkanda, upande wa kitambaa kisha upande wa ngozi. Shavu la kulia likaenda vizuri, nikaanza hata kutabasamu. Chini ya taya wembe ukanasa. Haukukata ngozi, ulinasa, ule mnaso mdogo unaokufanya usimamishe mkono hewani na povu linatiririka. Karibu na koromeo ukanasa tena. Ilipofika zamu ya shabu nilitamka maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nikachukua lensi. Mteremko wa makali ulikuwa na ukungu mzuri wa garneti, ule unaosifiwa, na katikati ya ukungu kuna mikwaruzo mirefu, mizito, inayokwenda mpaka ukingoni, na kila mkwaruzo ulipofika ukingoni makali yameng'oka. Nikarudi 8000, mikwaruzo ikafutika. Nikamalizia kwa filamu, safi. Nikarudi kwenye jiwe, mikwaruzo hii hapa. Nikabadilisha wembe kabisa, nikachukua ule wa chuma kigumu nisiopenda kuuchezea, mambo yakawa yaleyale. Ndipo nikatafuta sindano ya kushonea na kuiburuta taratibu juu ya jiwe. Inateleza, inateleza, ikifika kwenye ule "urembo wa asili" inagonga. Unaisikia kwenye vidole. Ukirudia kwa upande wa pili inagonga palepale.

Kwa hiyo sikwenda kwa muuzaji mikono mitupu. Nilimtumia picha za lensi, nikamweleza habari ya 8000, ya filamu, ya wembe wa pili, ya sindano. Kwa lugha nzuri kabisa: "Habari ya kazi ndugu yangu, samahani kwa usumbufu." Hivyo ndivyo nilivyoanza!

Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza kicheko. Halafu: hukutengeneza makali vizuri kwenye 1000. Halafu: unakandamiza. Halafu akavuta pumzi kama mzee anayetaka kutoa wosia, akasema, "Mchagua jembe si mkulima, bwana." Mwisho wa ujumbe.

Niliusikiliza tena na tena. Nilimwekea hata mwenzangu asikie, akaniuliza kwani huyu ni nani wako.

Sasa tuelewane. Kama makali hayakukutana kwenye 1000, filamu ingewezaje kuyapa usafi? Kama nakandamiza, mbona nakandamiza kwenye mstari tu? Na methali yenyewe inamhusu mkulima anayekwepa kulima, haimhusu aliyeuziwa jembe bovu akalirudisha. Kuna watu wakiishiwa na jibu wanakimbilia kwa wahenga, na wahenga hawawezi kukataa kutumika.

Kwa hiyo neno langu la kwanza, na nililiandika siku ileile hasira ikiwa bichi: acheni mawe ya asili. Jiwe la kiwandani la namba 12000 chembe zake zimechekechwa, ukinunua hili au lile unapata kitu kimoja. Filamu ya mikroni 1 hata mwanafunzi anaiweza, na anayetaka kuzidisha kuna ya mikroni 0.3, ingawa mimi naiona inakupeleka kwenye ukali usio na raha. Mkanda au ubao wa balsa, ule mti mwepesi na laini, wenye oksidi ya kromi ya mikroni 0.5, ile ya kijani, unapoza makali makavu vizuri sana. Almasi ya mikroni 0.25 nayo inafanya kazi, lakini ina wivu: punje moja kubwa zaidi ikiangukia pale, ubao wote umeharibika na hutajua mpaka unyoe. Tena ubao laini ukiuzoea sana unayaviringa makali, unarudi kwenye jiwe unakuta kazi imeongezeka. Ila kila kimoja kati ya hivi kinakuambia mapema kasoro yake. Jiwe la asili linakutabasamia.

Mtu mmoja mwenye uzoefu aliniambia niuchimbe ule mstari kwa ncha ya kisu mpaka ushuke chini ya uso wa jiwe, wembe upite juu bila kuugusa. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini kwa nini nikae nachokonoa jiwe nililonunua jipya, nimelipakata mapajani kama mguu wenye mwiba? Nilikataa. Mpaka leo sijachimba.

Nilichofanya ni kuligeuza. Na hapa ndipo maandishi yangu yanapoharibika, maana nilikuwa nimeshafika kwenye nyota moja. Jiwe langu halikugundishwa kwenye bamba la mawe meusi kama mengi yalivyo, ni la manjano pande zote mbili. Upande wa nyuma ulikuwa umechongwa hovyo, na alama za msumeno bado zipo. Nikabandika msasa wa maji kwenye kioo, nikachora miraba ya penseli juu ya jiwe, nikasugua hadi penseli ikaisha yote. Kazi ya jasho, na mikono ikanuka udongo siku nzima. Sindano ikapita kutoka kona hadi kona bila kugonga popote. Ule mstari haukutokeza upande huu.

Nikanoa. Kuelekea mwisho, kwenye maji matupu, wembe ukaanza kulinyonya jiwe, yaani unauhisi unashikwa kidogo kabla haujateleza, na maji yanapanda juu ya makali yenyewe kabla chuma hakijayafikia. Nikanyoa kwenda na ndevu, kisha dhidi ya ndevu, hata pale kwenye koromeo. Nikapitisha shabu. Nikasubiri. Nikapitisha tena, maana nilidhani nimeruka sehemu. Kimya.

Sijawahi kunyoa vile kwa filamu, wala kwa 12000, wala kwa dawa ya kijani. Imenibidi niandike sentensi hiyo na imeniuma kuliko ule mnaso wa kwanza. Na kila ninavyofurahia uso wangu ndivyo ninavyomkasirikia yule bwana zaidi, kwa sababu kama kweli anayajua mawe kama anavyojitapa, neno moja lingetosha: ligeuze. Angesema "ligeuze" ningemsifia hadi leo. Badala yake akanifundisha kilimo.

Kwa hiyo nyota nigawe vipi? Upande wa juu, hakuna kitu. Upande wa chini, zote, na ningeazima za jirani. Muuzaji, hata akijileta na mzigo wa mawe kichwani, sina nyota ya kumpa. Anayeanza kunoa leo bado namwambia ashike filamu, ajue kwanza makali mazuri yanahisije usoni, asije akabishana na jiwe ambalo hajui linakosea wapi. Lakini nikisema hivyo najiona mnafiki, maana filamu zangu zimejikunja kwenye droo na wembe wa jana sikuumalizia kwazo.

Juzi kati akanitumia ujumbe, nadhani anatumia wote bila kuangalia majina: mzigo mpya umeingia, Coticule kubwa kuliko ile, la rangi iliyoiva. Nilitaka kumrudishia methali yake. Nikaishia kumwomba picha za pande zote mbili, jiwe likiwa limelowa, na video ya sindano ikipita kona hadi kona.

Amesoma. Hajajibu.