Kibali cha ujenzi tumepata, lakini mama yangu hakuamkiwa

Kibali cha nyumba ya mama kimeshatoka. Kipo kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na kila nikikiona damu inanichemka upya. Jina la halmashauri silitaji. Ni ya wilaya, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini upande wa Iringa, na waliowahi kukalia lile benchi lao wataijua wenyewe.

Ilianza na rangi nyekundu. Msingi ulikuwa umeshachimbwa na kuanza kujengwa, tofali za kuchoma zimetoka tanuruni, na tulikuwa tunakimbizana na kiangazi kwa sababu mvua zikishika, hakuna lori litakalopanda kwetu. Asubuhi moja mama akakuta X kwenye mawe ya msingi na maneno SIMAMISHA UJENZI. Sisi tulijua ruhusa ni ya serikali ya kijiji. Muhtasari wa kikao tunao, muhuri upo. Kumbe senta yetu ilishatangazwa kuwa eneo la mipango, na ikishakuwa hivyo, kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kibali kinatoka halmashauri. Nani alikuja kutuambia? Mtendaji wa kijiji mwenyewe alikuwa anashangaa pamoja na sisi.

Tukaenda. Ilikuwa mwezi wa sita, labda wa saba, baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Mama amejifunga kitenge juu ya sweta, bahasha ameikumbatia kifuani. Ndani mna hatimiliki yake ya kimila, jina lake, picha yake. Benchi tulilikalia tangu saa mbili asubuhi, tukaitwa karibu saa sita.

Mama akatangulia kuingia, akatoa salamu ya kwetu: "Kamwene."

Kijana wa ardhi aliyekuwa mezani hakuinua kichwa. Ni wa umri wa wajukuu zake. Shikamoo hakutoa, kamwene hakuitikia, kiti hakuonyesha. Akaninyooshea mkono mimi: "Lete ramani." Nikamwambia mwenye nyumba ni mama. Basi akaniuliza mimi, mama amesimama palepale, "Kwani huyu bibi anajua kusoma ramani?" Akaifungua ile hati, akaitazama mara moja, akaisukuma hadi ikadondoka chini. "Hivi vikaratasi vya kijijini siyo hati. Leteni hati."

Mama akainama kuiokota. Ana miaka zaidi ya 70 na magoti yanamuuma, na aliinama mbele ya foleni nzima kuokota haki yake sakafuni. Mimi nilikuwa nimeshikilia michoro mikono miwili, nikachelewa kumuwahi. Hilo sijajisamehe.

Na alichosema si kweli! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 18, inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa na serikali. Mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya ardhi hajui hilo? Au anajua, ila aliyekuja nayo amevaa kandambili? Mkuu wake, tulipompata siku nyingine, aliipokea hati ileile bila neno.

Yaliyofuata ni nenda rudi tu. Mara mchoro hauonyeshi shimo la maji taka, mara mhandisi yuko saiti, mara mtandao hakuna kwa hiyo namba ya malipo haitoki. Nauli na siku za kazi zikaenda. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila mtu huku milimani ajenge tu, asipoteze muda wake pale.

Sasa sisemi hivyo tena, na sababu ni dada mmoja fundi sanifu wa halmashauri hiyohiyo. Alikuja kukagua kiwanja kwa bodaboda, akashuka, akavua kofia ngumu, akapiga goti kidogo: "Shikamoo mama." Kisha akamwomba mama amshikie ncha ya futi. Wakapima pamoja kutoka katikati ya barabara ya mkoa hadi pembe ya sebule. Mita 26 na kidogo.

Kwetu wazee wote wanahesabu hifadhi ya barabara, pale pasipojengwa, kuwa mita 22.5 kutoka katikati, ndivyo walivyozoea. Yule dada akamweleza mama taratibu kwamba tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande, na ukijenga ndani ya hizo 30, siku ya kubomolewa fidia huna. Akashuka hadi kijitoni pia, huko ni mita 60 toka ukingoni, tukawa salama. Sebule ilikuwa imeingia barabarani karibu mita 4. Kwa hiyo ile X, niliyoilaani miezi yote ile, ndiyo iliyomwokoa mama. Nikisema vingine nitakuwa mwongo. Tuking'oa mawe na kurudi nyuma ni hasara ya fundi wa wiki chache, afadhali hiyo kuliko nyumba nzima. Kibali ni kitu cha maana, kifuateni, na mpime kutoka katikati ya barabara kabla hamjanunua hata tripu moja ya mawe.

Lakini siku ya kuchukua kibali mama aligoma kuingia. Akakaa nje chini ya mti, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule kijana yupo?" Alikuwepo. Na mwenye ardhi lazima asaini mwenyewe. Yule dada alipotuona dirishani alitoka na daftari, akachuchumaa kwenye nyasi mbele ya mama, akamshikia ukurasa usipeperuke na upepo mpaka akamaliza kuandika jina lake lote.

Haikumchukua hata dakika tano. Sasa yule wa mezani alishindwa nini?